Uniti moja ya maji, kutoka kisimani hadi shimo la choo

Siku ya uzinduzi, mradi wa maji hupimwa kwa idadi ya vilula, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, na ukubwa wa tenki. Miaka mitatu baadaye hupimwa kwa swali jingine kabisa: mwezi uliopita kisimani zilitoka uniti ngapi, zikalipiwa ngapi, na tofauti ilikwenda wapi? Kamati inayojibu hilo kwa tarakimu bila kubabaika italimudu karibu kila jambo jingine. Isiyoweza italaumu pampu, TANESCO, mvua na wanakijiji, na mara nyingi vyote vinne kwa mpigo.

Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au ndoo 50 za lita 20. Tuifuate safari yake katika mji mdogo wa mfano, wa aina unayoikuta Chamwino, Kongwa au Bahi mkoani Dodoma: watu 6,000, kisima kirefu kimoja, tenki juu ya mlima, vilula, na nyumba mia moja na ushee zilizokwisha kuvuta maji ndani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku, kilula kimoja kihudumie watu 250, na umbali usizidi mita 400. Kwa mji wetu hizo ni uniti 150 kwa siku na vilula 24.

Kuhusu mwenye mradi, watu hubishana kuliko inavyostahili. Sheria Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA kusimamia maji vijijini, na uendeshaji wa kila siku uko kwa chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii, CBWSO, ambacho wengi bado hukiita kamati ya maji. Maji yenyewe yaliyo chini ya ardhi yana mlango wake: kibali cha kuyatumia hutoka bodi ya bonde, ambayo ni Wami/Ruvu kwa Dodoma mjini na Kongwa, na Bonde la Kati kwa Singida, Kondoa na Bahi. Kamati ikishajua nani anaidhinisha nini, irudi kazini. Kazi iko kisimani.

Kisima na daftari lake

Dodoma na Singida zimekaa juu ya mwamba mgumu wa kale. Maji yako kwenye nyufa za mwamba huo na kwenye tabaka la juu lililooza, basi visima viwili vilivyo hatua mia moja kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kuwa kama havijuani: hiki kinatoa uniti 15 kwa saa, kile kinatoa vumbi. Mvua ni kama milimita 550 hadi 700 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kisima kinachofurika Machi kinaweza kuwa kinahema Oktoba. Kisima huaminiwa baada ya kupampuliwa kwa kasi moja saa 24 au zaidi huku kina cha maji kikipimwa, kisha pampu ikazimwa na kasi ya maji kurudi juu ikapimwa pia. Taarifa hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisima. Ikipotea, pampu inayofuata itanunuliwa kwa kubahatisha, na anayebahatisha huwa anaongeza ukubwa, hapunguzi. Pampu iliyokizidi kisima huvuta mpaka maji yanashuka kwenye mdomo wake, inaanza kunyonya hewa, na kwa kuwa mota hupozwa na maji yanayoipitia ubavuni, inaungua. Mafundi makini hawavuti zaidi ya asilimia 70 ya kiasi kilichoonyeshwa na jaribio, na hufunga elektrodi zinazozima pampu maji yakifika chini ya alama.

Kila uniti inabeba gharama tangu huku chini. Tuseme maji yanapopampuliwa yako kina cha mita 80, tenki liko mita 40 juu ya mdomo wa kisima, na msuguano ndani ya bomba unakula sawa na mita 10. Jumla ni mita 130. Uniti moja ya umeme, kama hakuna kinachopotea, hunyanyua uniti moja ya maji mita 367. (Kwamba umeme na maji vyote huitwa uniti ni balaa tupu kwenye mikutano ya kijiji, andika kWh kwa umeme, mambo yatanyooka.) Mita 130 zinadai kWh 0.35, lakini pampu na mota kwa pamoja hupoteza karibu nusu, basi hesabu ya kweli ni kama kWh 0.7. Tuchukulie kWh moja ni shilingi 350: kila uniti ya maji inafika tenkini ikiwa na shilingi 245 za umeme mgongoni, iuzwe au imwagike.

Mwendesha pampu anahitaji daftari lenye safu sita: saa ya kuwasha na kuzima, volti, ampia za nyaya zote tatu, geji ya presha, namba ya dira kuu (mita inayohesabu maji yanayotoka kisimani), na kina cha maji kabla ya kuwasha na baada ya saa moja. Ni kazi ya dakika kumi. Wengi hujaza kwa sababu wameambiwa wajaze, wakati daftari hilo ndilo kipimo cha homa cha mradi mzima.

Tuseme dira kuu ilizoea uniti 12 kwa saa, sasa inatoa 9. Kabla ya kukodi winchi na kung'oa mita mia za bomba, soma safu nyingine. Presha imepanda na ampia zimeshuka? Kuna kizuizi mbele: valvu haijafunguliwa yote, au bomba la kupandishia maji tenkini limejenga ukoko wa chumvi, ule ule unaouona ndani ya birika la chai. Presha imeshuka na ampia nazo zimeshuka, kina kikiwa kile kile au juu kidogo? Mapanga ya ndani ya pampu yamelika, kwa kawaida kwa mchanga. Presha imeshuka lakini ampia ziko palepale au zimepanda kidogo, na maji kisimani yamesimama juu kuliko mazoea? Bomba limetoboka humo humo ndani ya kisima na maji yanarudi yalikotoka. Weka sikio kwenye mdomo wa kisima pampu ikiwa inafanya kazi, utasikia mchirizi.

Na kama kina ndicho kilichoshuka, tazama kile cha asubuhi kabla ya kuwasha. Cha asubuhi kikiwa hakijabadilika ila maji yanaporomoka mara pampu ikiwaka, matundu ya chujio yameziba na kisima kinahitaji kusafishwa. Vyote viwili vikiwa vimeshuka, maji ya ardhini yenyewe yamepungua. Hapo punguza kasi kwa valvu na upampu saa nyingi zaidi kidogo kidogo, kwa sababu ufa wa mwamba unahitaji muda wa kujaza. Waya mmoja ukipoteza umeme mota ya nyaya tatu haisubiri fundi afike; huungua ndani ya dakika. Kifaa kinachoizima waya mmoja ukikatika ni sehemu ndogo sana ya bei ya mota, na bado ndicho cha kwanza kuondolewa "kwa muda" pampu inapokuwa inajizima yenyewe mara kwa mara.

Tenki, dawa na usiku

Tenki la duara lenye kipenyo cha mita 5 na maji ya kimo cha mita 4 linabeba karibu uniti 78, nusu ya mahitaji ya siku. Dawa ya klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 inawekwa hivi: kwa miligramu 1 kwa lita, uniti 75 zinataka gramu 75 za klorini halisi, gawanya kwa 0.65, unapata gramu 115 za unga. Pima kwa mizani. Kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, unga uende ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga. Acha chokaa itulie chini, mimina maji ya juu yaliyo maangavu tenkini, subiri nusu saa kabla ya kufungulia. Kwenye kilula cha mwisho kabisa kipimo cha klorini kisome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kikisoma sifuri wakati tenkini ni sawa, kuna uchafu unaoila klorini njiani, au dawa yenyewe imekufa: kopo lililofunguliwa na kuachwa stoo ya bati kwenye joto la Novemba hupoteza nguvu ndani ya wiki chache.

Sasa bomba la kusambaza, ambako uniti nyingi hufia. Tundu la milimita 5, ukubwa wa punje ya hindi ndogo, kwenye bomba lenye presha ya bar 3, linatoa karibu uniti 1 kwa saa. Kwa siku ni uniti 24, maji ya watu 960 kwa kile kiwango cha lita 25. Tundu hilo likiwa chini ya mchanga wa korongo, halitaonekana juu kamwe. Mchanga unayanywa yote. Ndiyo sababu wanaosema "mtandao wetu hauvuji, hatujaona maji" wanakosea kuliko wote.

Kipimo chake hakihitaji chombo cha gharama. Chagua usiku ambao vilula vimefungwa. Saa nane, hakikisha pampu imezimwa, kisha pima kimo cha maji tenkini kwa fimbo yenye alama. Pima tena saa tisa. Kwa tenki letu, kila sentimita 10 zilizoshuka ni karibu uniti 2. Toa yale yanayoweza kuwa yanajaza matenki ya nyumbani, yanayobaki yanavuja. Usiku unaofuata funga valvu ya tawi moja, kesho yake la pili, na tawi ambalo kufungwa kwake kunatuliza maji tenkini ndilo lenye ugonjwa. Halafu tembea juu ya mstari wa bomba saa za asubuhi: majani mabichi Septemba, nyuki wengi mahali pamoja, ng'ombe wanaolamba udongo. Mbinu hii ina adui mmoja, valvu zilizofukiwa na kusahaulika. Chora ramani, hata ya mkono, inayopima kila valvu kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya shule na mbuyu.

Bomba jeusi lililotoboka halifungwi kwa mpira wa baiskeli. Linavumilia wiki, likiachia linaachia usiku. Kata kipande, weka kiungio cha saizi yake, fukia kwa udongo usio na mawe, kina kisipungue sentimita 60, na zaidi pale trekta na mikokoteni ya punda inapopita. Penye kuvuka korongo, tumia bomba la chuma lililoshikwa kwa zege, maana mto wa mchanga ambao Agosti unauvuka kwa viatu, Januari unabeba magogo.

Mgao wa maji una madhara yake ambayo wateja huyagundua kabla ya kamati. Bomba likikaa tupu, hewa huingia. Maji yakirudi, hewa hiyo hutoka kwa kasi kupitia dira na kuizungusha. Mama anayelalamika kwamba dira yake "inasoma upepo" hasemi uongo. Dawa ni valvu za kutolea hewa kwenye vilele vya mstari, na kujaza bomba taratibu. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: bomba tupu hunyonya kupitia yale yale matundu yaliyokuwa yakivuja, na kinachonyonywa kinategemea tundu liko karibu na nini.

Ndoo ya Septemba na ndoo ya Februari

Mji wetu unazalisha uniti 4,500 kwa mwezi. Zikipotea asilimia 35, zinauzwa 2,925. Tuchukulie gharama zisizobadilika: mishahara ya fundi, mhasibu na mlinzi 1,200,000, matengenezo na vipuri 350,000, usafiri, shajala na benki 200,000, dawa na vipimo 100,000, na akiba ya pampu ya milioni 9 inayotarajiwa kudumu miaka mitano, 150,000. Jumla shilingi 2,000,000. Umeme ni 1,102,500. Gawanya kwa uniti zilizouzwa: kila uniti imegharimu shilingi 1,061, sawa na shilingi 21 kwa ndoo.

Mvua ikinyesha, watu wanarudi kwenye mabwawa, madimbwi na mapipa ya bati. Mauzo yakishuka nusu, umeme nao unashuka nusu, lakini fundi na mlinzi hawalipwi nusu. Gharama inaruka hadi karibu shilingi 1,750 kwa uniti, shilingi 35 kwa ndoo. Bei ya shilingi 25 kwa ndoo, iliyoonekana ya haki kwenye mkutano wa Septemba, inakula hasara Februari. Kwa hiyo fedha ya kiangazi ina mwenyewe tayari: ni mishahara ya masika na pampu ijayo. Ikihamishwa kujenga ofisi ya kijiji, hata kwa nia njema, pampu itakapoungua michango ya kaya itaanza upya. Kupunguza upotevu kutoka asilimia 35 hadi 20, bila kugusa bei, kunashusha gharama ya Septemba kutoka 1,061 hadi 862. Hakuna mfadhili anayetoa punguzo la namna hiyo kila mwezi.

Angalia pia nani analipa nini. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 kilulani, uniti ni shilingi 2,500. Jirani mwenye bomba ndani akitozwa 1,500, basi mama anayebeba ndoo kichwani analipa zaidi kwa kila lita kuliko anayefungua koki jikoni. Mpango wa bei unaoanza na bei ya kilula, ukapanda kuelekea nyumbani na kwenye biashara, ndio unaoeleweka.

Mifugo nayo ipewe dira yake. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku ya jua. 500 ni uniti 20, zaidi ya moja ya nane ya uzalishaji wetu wote. Mbirika isiyo na dira hufanya hesabu ya upotevu isiwe na maana, kwa sababu hujui kama unatafuta tundu au unatafuta zizi.

Inapokwenda baada ya hapo

Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa majitaka. Mtu wa ndoo anatumia lita 25 na kuzimwaga uani, jua linamaliza kazi. Akivuta bomba ndani na kuweka choo cha maji, matumizi yanaweza kufika lita 80, na shimo lililochimbwa kwa choo cha kawaida linafurika. Kila maunganisho mapya ya majisafi, kwa hiyo, ni maunganisho mapya ya majitaka ambayo hakuna aliyeyasajili. Mji wa ukubwa huu hauna mtandao wa mabomba ya majitaka, na kwa maoni yetu hauuhitaji kwa sasa. Unahitaji mashimo yaliyojengwa sawasawa na mahali halali pa kumwaga tope lake.

Familia ya watu sita, lita 80 kila mmoja, inatoa lita 384 za majitaka kwa siku. Tenki la septiki linatakiwa kuyashikilia walau siku nzima, na kubakiza nafasi ya tope, karibu lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukitaka kunyonya kila baada ya miaka mitatu, tope peke yake ni lita 720. Jumla ni lita 1,104. Jenga 2,000, kwa kuwa wageni hawapigi hodi kwenye hesabu. Vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili, sakafu ya zege, na bomba la kutokea lenye umbo la T ili povu la juu lisitoke nalo. Mengi yanayoitwa septiki mitaani ni shimo lisilo na sakafu lililofunikwa kwa zege. Halijai, na mwenye nyumba hulisifu kwa hilo. Halijai kwa sababu linavuja lote kwenda chini.

Udongo mweusi wa mbugani haunyonyi, kwa hiyo shimo la kunyonyea linafurika mvua ya kwanza; udongo mwekundu wa kichanga hunyonya upesi mno, na majitaka hayapati muda wa kuchujwa. Jaribu kabla ya kujenga: chimba kishimo, kiloweshe usiku kucha, kijaze tena na upime kasi ya maji kushuka.

Tope linaloletwa na gari la kunyonya lisimwagwe korongoni. Kitanda cha kukaushia kinatosha kwa kuanzia: kokoto chini, mchanga juu, tope limwagwe kwa unene wa sentimita 20 hadi 30, maji yanayochuja yakusanywe. Kwa jua la Dodoma hukauka ndani ya wiki chache za kiangazi. Kukauka hakuui mayai ya minyoo. Lirundikwe mahali pakavu walau mwaka mmoja kabla ya kufikiria shamba, na lisipelekwe kwenye bustani ya mchicha hata kidogo. Mtu asiingie ndani ya shimo kwa sababu yoyote, hata kuokota ndoo iliyoanguka. Hewa ya humo huua kabla ya anayezama kupiga kelele, na anayefuata kumwokoa huwa wa pili kufa.

Uniti yetu haijaisha safari. Mkojo na kinyesi vikioza ardhini hutoa naitreti, aina ya chumvi inayosafiri na maji kupitia nyufa za mwamba bila kuzuiwa na chochote. Klorini haiigusi, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Ni hivyo hivyo kwa floraidi, ambayo Singida inatoka kwenye miamba yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa naitreti na 1.5 kwa floraidi. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, unaonukuliwa kila mahali, ulifikiriwa kwa udongo unaochuja. Penye nyufa hautoshi, na nyumba zilizo juu ya mteremko unaoshuka kuelekea kisimani zihesabiwe hata zikiwa mita mia mbili.

Chukua sampuli mara mbili kwa mwaka, moja Oktoba na nyingine Mei baada ya mvua kukatika, uipeleke maabara ya maji ndani ya kisanduku cha barafu, na uandike jibu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la pampu. Naitreti ikisoma 12, kisha 19, kisha 27, maji bado yanaruhusiwa kunywewa, lakini ramani ya viwanja vipya karibu na kisima inapaswa kuwa mezani kwenye kikao kinachofuata.